Kulabu kwenye Pingili ya Kumi

Jumamosi moja ya Februari, Imogene Sturgill alikaa kwenye meza ya jikoni akichambua wadudu wa kijitoni. Walikuwa wamelala kwenye trei nyeupe ya bati, wamelowa spiriti, naye aliwatenga kwa kibano, wenye mikia miwili upande huu, wenye mikia mitatu upande ule. Jikoni palikuwa na sufuria ya maharage yaliyotiwa kipande cha nguruwe, na mkate wa mahindi ulikuwa umeanza kunukia ndani ya oveni. Kila mara aliinua macho kutazama dirishani, asije baba yake akawa anataka kahawa nyingine. Baba yake, Burl Sturgill, alikuwa ameketi ndani ya kijito cha Tolliver, maji yamemfika kwapani, kofia kuukuu kichwani, theluji imejaa kingo zote mbili.

Mzee Burl alikuwa akikaa pale tangu matamvua kama ya samaki yalipomwota, wakati majani ya miti yanapukutika. Yalianza kama upele chini ya makwapa, kisha yakawa vishada vyeupe, laini kama ndevu za hindi bichi. Daktari wa zahanati aliyatazama, akampa mafuta ya kupaka, akamwambia arudi yakianza kuwasha. Hayakuwasha. Ila mzee aligundua kwamba akizama majini anapumua vizuri kuliko alivyopumua tangu aache kazi mgodini. Mapafu yake yalishaliwa na vumbi la makaa ya mawe. Kwa miaka alilala ameketi, mashine ya oksijeni ikikoroma kando yake kumshinda mwenyewe. Sasa mashine ilirudishwa kwa wenyewe. Usiku alilala kifudifudi kwenye kina, chini ya daraja, na asubuhi aliamka akidai kahawa.

Ubaya ulikuwa mmoja tu. Nje ya maji aliweza kukaa muda wa kumaliza sahani ya maharage, basi; baada ya hapo midomo ilianza kugeuka bluu. Walijaribu kumpeleka mjini, kwenye hodhi la kuogea la mpwa wa jirani, lakini maji ya mjini yana dawa, na walimrudisha mbio nyuma ya gari la mizigo akiwa amefunikwa mablanketi yaliyolowa. Tangu siku hiyo hakuna aliyezungumzia tena habari ya kuhama. Kilipo kijito ndipo alipo Burl, na alipo Burl ndipo alipo Imogene.

Na kijito chenyewe kilikuwa mbioni kuzikwa. Kampuni ya makaa ilikuwa inasubiri kibali, kilichotarajiwa Machi, cha kuukata mlima wa Tolliver kichwa kwa baruti na kukimwaga kichwa hicho bondeni. Majirani waliuza nyumba zao mmoja mmoja wakaondoka, hata kanisa likafungwa, zikabaki nyumba mbili: ya akina Sturgill, na ng'ambo ya daraja, ya mjane Opal Meadows, ambaye alisema hataki kufa mahali penye majirani wengi. Kwenye mlima wa pili kazi ilishaanza. Honi ililia mara tatu, ardhi ikatetemeka, kisha vumbi likashuka polepole juu ya kila kitu. Mzee Burl alizoea. Honi ikilia, alivua kofia yake akafunika kikombe cha kahawa.

Kazi ya Imogene ilikuwa kuwatambua nzi wa mawe. Si nzi hasa. Ni wadudu wanaoishi utotoni chini ya mawe ya vijito vya baridi, kisha wakapanda juu, wakavua ngozi na kuota mbawa. Wavuvi wote wa bonde wanawajua, maana samaki wanawapenda. Maji yakichafuka kidogo wao ndio wa kwanza kufa, kwa hiyo anayetaka kujua hali ya maji huwauliza wao, na wao huulizwa kwa kufunguliwa midomo, kuhesabiwa kucha na kuangaliwa makalio. Ofisi moja ya vipimo ilimletea chupa kutoka vijito vya wilaya nzima. Ya Tolliver pia ililetwa. Imogene aliwatambua wote waliokuwemo, kwa haki kabisa, na wote walikuwa wa kawaida, wanaopatikana kila kijito. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo.

Wiki hiyo palikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa zimamoto. Bwana Hensley wa ofisi ya maji ya jimbo, mtu mpole mwenye mabuti safi ya mpira, alieleza sheria. Alisema kampuni imetimiza masharti yote. Kijito kingeweza kunusurika kama kingekuwa na kiumbe asiyepatikana kwingine duniani, lakini kipimo kimeonyesha hakina.

Opal Meadows alisimama, mkoba wake kifuani.

"Burl Sturgill yumo kijitoni. Yeye mmemweka wapi?"

"Mzee Sturgill ni binadamu, mama."

"Kwa hiyo?"

"Binadamu wapo kila mahali," alisema Bwana Hensley. "Sheria hii inahusu walio adimu."

Hakusema kwa ubaya. Watu wachache waliokuwapo waliinamisha vichwa kama wanaoonyeshwa kosa la hesabu, kisha wakaenda kunywa kahawa ya bure. Njiani kurudi, Opal alimshika Imogene mkono.

"Mwanangu, wewe si ndiye mwenye kazi ya kuwapa wadudu majina?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe baba yako jina. Mtu hana thamani nchi hii, lakini mdudu ana wakili."

Imogene alilifikiria jambo hilo usiku kucha, na asubuhi hakuona kosa ndani yake. Alivaa mabuti, akachukua kitabu chake, akaingia majini. Kitabu hicho kilikuwa cha njia panda tupu. Kila swali lilikuwa na majibu mawili, na kila jibu lilikupeleka kwenye swali jingine, mpaka ulifikie jina au ukwame.

"Mikia mingapi, Baba?"

"Unaniuliza mimi? Iko nyuma huko. Hesabu mwenyewe."

Ilikuwa miwili, myembamba, ya pingili pingili, imechomoza juu ya mkanda wa suruali. Ingekuwa mitatu, angekuwa mdudu mwingine kabisa.

"Kucha?"

"Mbili kila kidole. Soksi zote zimetoboka."

"Makwapani matamvua yapo. Na tumboni?"

"Tumboni zimo biskuti za marehemu mama yako. Hazijashuka mpaka leo."

"Fungua mdomo."

Alifungua. Imogene alimulika kwa tochi, akapima ndimi ndogo za ndani na za pembeni, akaandika. Waliendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa, swali baada ya swali, na kila jibu lilikuwa wazi. Burl alikuwa nzi wa mawe wa majira ya baridi, kabila lile linalotembea juu ya theluji. Halafu kitabu kikafika ukurasa wake wa mwisho, na Imogene akakifunga.

"Kimegoma," alisema.

"Kinataka nini?"

"Wewe ni tunutu, Baba. Bado hujaota mbawa. Matunutu wote wanafanana, hawapewi jina. Jina linatoka kwa aliyekomaa."

Mzee Burl alikitazama kitabu, maji yakimpita kifuani.

"Nina miaka sabini na moja," alisema. "Nimeingia mgodini ndevu hazijaota. Nimeacha kidole kule ndani. Nimezika mke. Na hicho kitabu kinasema mimi si mtu mzima?"

"Kinasema una matamvua."

Opal alikuwa darajani akiwasikiliza, viwiko juu ya ukuta. "Mie nilimwambia mama yako hayohayo kabla hawajaoana!" alipiga kelele. "Hakunisikia. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Burl alicheka mpaka mikia ikarusha maji. Imogene hakucheka. Yeye alijua mtu mzima wa wadudu wale anaishije. Akishatoka majini hali tena, hana tumbo la kulia. Huishi wiki chache, akitafuta jike, kisha hukauka. Akibaki tunutu, mawe ya mlima yangemfunika mle mle mwezi wa Machi. Akikomaa, wiki zilezile zingemmaliza. Alitaka kumweleza, akakosa pa kuanzia. Na pengine hapakuwa na haja, maana mzee alikuwa amevua samaki kwenye kijito hicho tangu utotoni, na kila Februari alikuwa akiokota wadudu waliokauka juu ya ukuta wa daraja.

Kabla mwezi haujaisha alikataa mkate wa mahindi. Kesho yake alikataa kahawa, na hapo Opal akafunga kilemba cha sufu, akaja kukaa darajani na blanketi mapajani. Mgongo wa Burl ulikuwa umekuwa mweusi, na mabegani palikuwa na vifuko vinne vilivyotuna. Adhuhuri moja yenye jua kali juu ya theluji, alitundika kofia yake kwenye tawi, akatambaa nje ya maji, akaipanda nguzo ya mawe ya daraja kwa mikono na miguu. Alipofika juu alitulia. Ngozi ilipasuka kuanzia kisogoni mpaka kiunoni, na mzee akatoka humo taratibu, kama mtu anayevua koti lililombana. Opal alimfunika blanketi na kutazama pembeni, maana alikuwa mwanamke wa kanisa.

Mzee alitoka mweupe kama unga uliokandwa, na jua likamtia rangi mpaka akawa kahawia iliyokoza. Ngozi yake ya zamani ilibaki imeshikilia nguzo, na makovu yote ya bluu ya makaa yalibaki nayo. Kidole alichokiacha mgodini kilikuwa kimerudi. Burl alikikunja na kukikunjua mara kadhaa, kisha akauliza kofia yake iko wapi.

Jioni hiyo alikaa kwenye kiti chake barazani kwa mara ya kwanza tangu matamvua yamwote. Yalikuwa yamekauka, yamebaki vijinundu tu. Alipumulia vitundu vidogo vilivyojipanga ubavuni, bila kikohozi, bila mluzi wa kifua. Mbawa zake nne zililala mgongoni, moja juu ya nyingine, ndefu kupita makalio, kwa hiyo hakuweza kuegemea.

"Sasa unaweza kwenda popote," alisema Imogene. "Maji hayakushiki tena. Tuwashe gari, Baba. Twende hata baharini. Hujawahi kuiona bahari."

"Kwa wiki ngapi?"

Imogene alimnyooshea kofia kichwani.

"Ndiyo hivyo," alisema mzee. "Nikaione bahari, nikukaukie njiani, urudi na begi la mbawa. Na Opal je? Na nyumba? Na kaburi la mama yako pale juu?" Akashusha tumbo akaligonga kwenye mbao za baraza, jinsi madume wa nzi wa mawe wanavyoita majike. Mapigo matatu ya haraka, kituo, pigo moja. Alisikiliza, akarudia.

Ng'ambo ya kijito Opal alisikia, akagonga ukuta wake kwa mpini wa ufagio, kwa ujirani tu.

"Si wewe!" Burl alimpigia kelele.

"Najua si mimi!" alijibu Opal. "Lakini mtu akibisha hodi aitikiwe!"

Asubuhi yake palibaki jambo gumu. Kila nzi wa mawe dume ana kulabu ndogo kwenye pingili ya kumi, ile ya mwisho, mgongoni juu ya tundu la haja, na umbo la kulabu hiyo ndilo linalotofautisha kabila moja na jingine. Kwa dume hakuna njia nyingine. Imogene alikuwa ameshaangalia makalio ya madume wengi kuliko mwanamke yeyote wa wilaya ile, na hakuna aliyemsengenya. Lakini huyu alikuwa baba yake. Alitandika meza ya jikoni, akaondoa shuka, akatandika tena.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga nepi," alisema Burl.

"Si sawasawa, Baba."

"Najua si sawasawa. Wewe hukuwa na haya hata kidogo."

Opal ndiye aliyepata ufumbuzi. Alilala mzee kifudifudi, akafunikwa shuka zima, na shuka likakatwa kidirisha kidogo mahali panapohusika, kama wanavyofanya madaktari wa upasuaji. Imogene alisema samahani, akainua mbawa kwa mikono miwili, akazishikisha kwa vibanio vya nguo. Hadubini haikuhitajika. Tochi ilitosha.

Kulabu ilikuwa pale, nyeusi, ngumu, imepinda kuelekea mbele. Nchani iligawanyika mara mbili, na tawi la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia. Imogene aliichora. Alifungua kitabu, akafungua na makabati, akatoa michoro yote aliyoikusanya tangu alipoanza kazi, akailinganisha mmoja mmoja mpaka maharage yakaungua. Kulabu nyingine zote zilikuwa na matawi sawa au hazina tawi kabisa.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna kama wewe, Baba. Popote."

Chini ya shuka mzee aliguna. "Mama yako alikuwa akisema hivyohivyo," alisema, "ila yeye alikuwa amekasirika."

Imogene alifurahi siku hiyo yote, furaha kweli, akaimba akiosha sufuria. Alipokaa kuandika maelezo ndipo alipofika kwenye sharti la mwisho, ambalo alilijua tangu mwanzo na alikuwa akilikwepa. Kabila jipya halikubaliwi kwa mchoro wala picha. Lazima mwili wenyewe uwekwe kwenye spiriti, uhifadhiwe makao makuu ya jimbo, ili anayebisha aende akautazame. Tena uwekwe ungali mbichi. Dume akikauka, kulabu hujikunja ndani, na hapo hana tofauti na mwingine yeyote.

Alimweleza baba yake barazani, maneno machache, macho yake kwenye nguzo ya daraja ambako ngozi ilikuwa ikipepea.

"Basi niweke kabla sijakauka," alisema Burl.

"Siwezi."

"Unaweza. Umeweka wangapi?"

"Wale si wewe!"

"Imogene, mwanangu, sikiliza. Mimi ni marehemu anayetembea. Swali ni moja tu, nife na kijito au nife badala yake." Aligonga mbao kidogo, bila kusikiliza jibu. "Mara hii moja wacha nife badala ya kitu."

Kwa siku tatu Imogene hakutoka chumbani. Siku ya nne alitoka, kwa sababu sauti ya mbawa za baba yake ilikuwa imebadilika. Zilianza kuchakacha kama maganda ya mahindi.

Chombo cha kumtosha kilipatikana kanisani. Nyuma ya mimbari palikuwa na tangi la ubatizo lenye ukuta wa kioo, kavu tangu mchungaji alipouza nyumba. Spiriti ilitoka kwa Opal. Marehemu mumewe, Clete, alikuwa mpika gongo hodari kuliko wote wa bonde, na handaki la nyumba yao lilikuwa bado limejaa mitungi ya kioo. Opal aliionja kwa kijiko, akaiwasha, ikawaka moto wa bluu usioonekana vizuri mchana.

"Hii ndiyo iliyomuua Clete wangu," alisema. "Nilidhani haitamfaa mtu tena. Kufa kufaana." Kisha alitazama tangi lenye msalaba, na mitungi, akaguna. "Bwana atanisamehe. Ameshageuza maji, anajua mambo haya."

Walijaza mchana kutwa. Burl alikuja kwa miguu, juu ya theluji, kama kabila lake lifanyavyo. Kwenye ngazi za mbao za tangi alisimama, akashusha tumbo, akapiga mapigo yake mara ya mwisho: matatu, kituo, moja. Alisikiliza kwa muda mrefu. Imogene alihisi upele chini ya kwapa, akaupapasa.

"Usisahau kutaja mahali," alimwambia binti yake. "Andika Tolliver, kwa herufi kubwa. Wasije wakasema ni kijito kingine." Akampa kofia.

Imogene alimshika mkono ule wenye kidole kilichorudi, na hakuuachia mpaka gongo lilipomfika yeye mwenyewe kwenye kiwiko. Mapovu yalipanda kutoka ubavuni mwa mzee, safu mbili zilizonyooka, kisha safu moja, kisha kioo kikatulia. Opal alianza wimbo wa mazishi, akaukatisha, akauanza upya. Imogene alilia kwa sauti, bila kujificha uso, mpaka njaa ilipomuuma. Halafu alichukua kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti, akaandika kibandiko kama alivyofunzwa: TOLLIVER, tarehe, dume mmoja, aliyekusanya I. Sturgill. Akakitumbukiza ndani.

Bwana Hensley alikuja na lori na watu wanne. Alivua kofia mbele ya tangi, akatazama kulabu kwa lenzi, akasema hajawahi kuona sampuli iliyohifadhiwa vizuri namna ile. Walilifunga kwa mikanda, wakaondoka nalo polepole kwa sababu ya kona.

Alirudi Machi, theluji imeyeyuka. Alimkuta Opal darajani na Imogene ndani ya kijito, maji yamemfika kwapani, kofia ya baba yake kichwani na kikombe cha kahawa mkononi. Bwana Hensley alichuchumaa kwenye ukingo kwa adabu, mahali pakavu.

"Habari nzuri kwanza," alisema. "Wataalamu wote wamekubali. Ni kabila jipya, halina ubishi. Tawi la kushoto limewashangaza sana. Kazi yako imesifiwa, dada Imogene, nimeambiwa nikufikishie."

"Kwa hiyo kijito kimepona."

"Hapo ndipo pagumu." Alivua miwani, akaifuta. "Sheria inalinda kijito alimo kiumbe adimu. Tulirudi kupima wiki iliyopita, juu mpaka chini. Hayumo."

"Hayumo kwa sababu yuko kwenu."

"Ndiyo. Kibandiko kinasema hivyo, mmoja, amekusanywa. Hatuna ushahidi wa mwingine."

Imogene alikitazama kikombe chake. Jina la aliyekusanya alilikumbuka, na mwandiko alioliandikia, wa herufi nzuri zilizosimama.

"Na huyu je?" alipaza sauti Opal kutoka darajani. "Macho yako ya nini? Huoni alichonacho kwapani?"

Bwana Hensley alivaa tena miwani, akainama. Vishada vyeupe vilikuwa vikicheza majini, vichanga bado, nyuma yake mikia miwili ikifuata mkondo.

"Naona," alisema. "Jike?"

"Jike," alisema Imogene.

"Amekomaa?"

Kampuni isingejua tofauti. Bwana Hensley mwenyewe asingejua. Alikuwa mtu wa mabuti, si wa kulabu. Lakini Imogene alikuwa amejibu swali hilo maisha yake yote, chupa baada ya chupa, na hakuwahi kulijibu kwa uongo.

"Bado," alisema.

"Basi hana jina." Alisikitika kweli, ilionekana. "Mbawa hutoka lini?"

"Februari."

"Kibali kinaanza Jumatatu."

"Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Opal. "Wewe ukija, mwenyeji anafukiwa."

Bwana Hensley aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Aliuliza kama angeweza kuwasaidia kwa lolote, na Opal akamwambia abebe kuni zilizokuwa kando ya njia mpaka barazani, akabeba zote. Kisha akaondoka.

Jumatatu Opal alileta maharage na mkate wa mahindi kwenye bakuli, akakaa kwenye jiwe huku miguu yake imo majini, akivuta soksi juu kidogo kwa heshima. Walikula bila haraka. Ngozi ya Burl ilikuwa bado kwenye nguzo ya daraja, na makovu yake ya bluu yalionekana vizuri kwenye mwanga ule. Imogene aligonga jiwe kwa kisigino, matatu, kituo, moja, ingawa alijua kwamba majike hawaanzi wao, na kwamba mwenye kuanza yuko makao makuu, nyuma ya kioo, rafu ya chini.

Honi ililia mara tatu. Safari hii ililia juu ya vichwa vyao, kutoka kilele cha mlima wa Tolliver wenyewe. Opal aliuliza kama kuna mkate uliobaki. Imogene alimpa, akavua kofia ya baba yake, akafunika kikombe.